Furaha ya Ubatizo Isingoje Ukumbi

Kila Jumapili ya ubatizo, katika makanisa mengi ya miji yetu, naona jambo moja linalojirudia: miongoni mwa watoto wachanga waliopakatwa vifuani wamo wengine wasiopakatika tena, watoto wa miaka mitatu, minne na hata mitano, waliokuja kwa miguu yao wenyewe, wamevaa viatu vipya vinavyowabana, na ambao maji yanapowagusa paji la uso huuliza, kwa sauti inayofika hadi mabenchi ya nyuma, mbona wanaoshwa kanisani. Waumini hucheka kwa upendo, nami hucheka nao. Walakini nikiwauliza wazazi baada ya ibada sababu ya kukawia kwao, jibu aghalabu huwa lile lile, tena hutolewa kwa haya: tulikuwa tunajipanga. Katika kujipanga huko hakuna habari ya mafundisho wala ya kumtafuta msimamizi mwema. Fedha ndizo zilizokuwa zikitafutwa, fedha za ukumbi, mapambo, keki, vitambaa vya sare, chakula cha watu mia mbili, mshereheshaji na mpiga picha.

Rai yangu naitoa mapema. Furaha ya ubatizo ni mali ya nyumba. Ni furaha ya baba na mama, bibi na babu, shangazi, mjomba na msimamizi, ambao siku hiyo humtoa mtu wao mbele za Mungu na mbele za watu, na kukiri kwa vinywa vyao kwamba watamlea katika njia ile aliyoingizwa. Furaha hiyo hukamilika pale pale penye maji. Chakula kikiongezwa juu yake ni hisani, na hisani ni jambo jema. Lakini chakula kikigeuzwa kuwa sharti, hata mtoto akangojeshwa miaka na miaka kwa ajili yake, tumemdhulumu mtoto na tumejidhulumu nafsi zetu. Siwasemi hapa ndugu zetu wa makanisa yanayobatiza watu waliofikia umri wa kujiamulia, kwa kuwa wao hungoja kwa itikadi, na itikadi ina staha yake. Nasema juu ya sisi tunaoamini kuwa mtoto mchanga ana haki ya kubatizwa, na ambao hatuna kizuizi kingine ila mfuko.

Penye maji

Na tutazame kwa karibu yanayotendeka, maana mazoea yametupofusha. Kasisi humwuliza mzazi jina alilompa mtoto, na mzazi hulitamka. Huko Kilimanjaro na Upareni, ambako majina kama Elirehema na Elifuraha yamebeba jina la Mungu ndani yake, bibi aliyelichagua jina husogea mbele hatua moja ili asikie kama limetamkwa sawasawa. Mama huvua kofia ya sufu, hukiweka kichwa cha mwanawe juu ya birika, na maji humiminwa mara tatu kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto hushtuka, huvuta pumzi ndefu, kisha ama hulia kwa nguvu zake zote ama hunyamaza akamkodolea macho yule aliyemlowesha. Kwa Wakatoliki hupakwa krisma utosini, huvikwa kitambaa cheupe, na mshumaa mdogo huwashwa kutoka katika mshumaa mkubwa wa Pasaka, akapewa baba au msimamizi aushike. Nimepata kumwona mzee mmoja, seremala mwenye mikono iliyokakamaa, aliyekabidhiwa mshumaa wa mjukuu wake. Aliuzungushia kiganja kizima kuukinga na upepo wa feni, nta ikamchuruzika vidoleni, asiuondoe mkono mpaka sala ya mwisho ilipokwisha. Je, ni ukumbi gani wa kukodi ungeweza kumpa mzee yule kitu zaidi ya kile alichokuwa amekishika?

Kwa Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste furaha hii ina sura ya maji mengi, baharini, mtoni au katika birika lililojengwa ndani ya kanisa. Vijana hujipanga ukingoni katika kanzu zao, kwaya ikiimba nyuma yao. Mchungaji na msaidizi wake husimama katika maji ya kiunoni, humpokea mmoja mmoja, humshika mgongoni na penye mikono iliyokunjwa kifuani, humzamisha na kumwinua. Na mama mtu yuko pale ukingoni na kanga kavu mikononi, ameikunjua tangu mwanawe hajaingia majini. Hutokea pia mchungaji akambatiza binti yake mwenyewe, au mama yake aliyekawia kuamini, na hapo hata msemaji hodari husikika sauti ikimkauka katikati ya maneno aliyokwisha kuyatamka juu ya mamia ya watu. Mwanadamu hana nafasi nyingi maishani za kumpa mtu wa damu yake neema ambayo yeye mwenyewe hakuitengeneza wala hawezi kuinunua, na ninaamini kwa dhati kwamba anayeipata nafasi hiyo hana haki ya kuiahirisha kwa sababu ya viti na vitambaa.

Nyumba nzima usiku mmoja

Anayetafuta mfano wa kale na asome sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Mlinzi wa gereza la Filipi, baada ya tetemeko la usiku wa manane, aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao, akabatizwa saa ile ile pamoja na watu wote wa nyumbani mwake, kisha akawapandisha kwake na kuwaandalia meza, nyumba nzima ikifurahi. Karamu basi ilikuwapo. Ilikuwa karamu ya chakula kilichokuwamo ndani usiku huo, na walioila walikuwa wale wale waliobatizwa na wale waliowabatiza.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu alipowasili Unguja, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, aliyekuja kujulikana kwa jina la John Swedi, alifikia daraja la shemasi mwaka 1879. Wavulana wale hawakuwa na baba kisiwani wala mama, hawakuwa na shangazi wa kushangilia jina lao, na kwao walikotekwa hapakuwa na njia ya kupeleka habari. Jamaa waliobaki nao ni walimu wao na wenzao waliotoka katika dhiki moja. Tumezoea kusema kuwa damu ni nzito kuliko maji, lakini kwa watoto waliouzwa mbali na damu yao, maji ndiyo yaliyowarudishia aila. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa, jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale palipokuwa soko. Mzazi anayekipeleka kichanga chake kubatizwa katika kanisa lile leo, akiingia kwa mlango huku ndugu zake wamemzunguka, anapita mahali ambapo watu walitenganishwa na ndugu zao kwa mnada. Sijui furaha ya kifamilia iliyo na haki zaidi ya kuwa mahali fulani kuliko hiyo.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, jambo hili lilifikia kilele chake. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walikuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, na mpaka waliporudi katikati ya mwaka 1885 imani ililindwa na waumini wenyewe, kila mmoja akimfundisha jirani yake. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ile ile alipouawa mkubwa wake Yosefu Mukasa Balikuddembe. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 huko Munyonyo, hasira ya Kabaka Mwanga ikiwa imekwisha kuwaka na wote wakijua la kesho, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa bado katika mafundisho, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Pamoja nao alikuwamo Mbaga Tuzinde, ambaye mlezi wake, Mukajanga, ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji. Mlezi yule alimsihi kijana aikane imani apone, naye akakataa. Watakatifu hao walitangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1964, na leo wavulana wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda huitwa Kizito bila ya wazazi wao kufikiri sana ni katika usiku wa namna gani jina hilo lilipata maji yake.

Tena Kanisa halikuacha kufundisha kuwa katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, akiwa na maji na maneno yanayopasa na nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa. Wakunga na wauguzi katika wodi za watoto njiti wanalijua hilo kuliko wengi wetu. Ni wao ambao usiku wa manane, mama angali hajitambui, huchukua kikombe cha maji wakamwita mtoto kwa jina. Ikiwa kikombe chatosha kwa mtoto anayepigania pumzi, kwa nini kisimtoshe mtoto mzima wa afya ambaye baba yake hana fedha za ukumbi?

Msimamizi wa karibu

Fedha zimeingia hata katika uchaguzi wa msimamizi. Zamani aliyechaguliwa alikuwa jirani mcha Mungu, mwalimu wa katekisimu, au shangazi mwenye murua. Siku hizi naona tunamtazama mkubwa wa kazini, au ndugu aliye na gari, au rafiki aliye ng'ambo ambaye zawadi yake itatangazwa kwa kipaza sauti. Mwenyewe huja siku ile, hupigwa picha, hukabidhi bahasha, na mtoto hamwoni tena mpaka siku ya harusi yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana atakapofika miaka kumi na mitano, akaanza kurudi usiku na kumjibu mama yake kwa ukali, nani atakayemwita barazani akamweleza kwa upole na kwa haki kwamba nilikushika mkononi siku fulani, na nina neno nawe?

Sheria ya Kanisa Katoliki yataka msimamizi awe ametimiza kwa kawaida miaka 16, awe amepata kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Katika masharti hayo hakuna lisemalo awe na cheo. Hekima ya kuwaweka kando baba na mama ni dhahiri kwa kila aliyelea: mzazi aweza kufa, kuhama, kulewa au kugombana na mwanawe, na mtoto hana budi kuwa na mlango wa pili wa kubisha. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana, na ubatizo ndiyo saa ambapo mkono wa pili hunyoshwa hadharani na jina la mwenye mkono huo likaandikwa katika daftari la ubatizo, sambamba na jina la baba na la mama. Ningependa kila parokia na kila usharika uwakusanye wasimamizi hao walau mara moja kwa mwaka pamoja na watoto waliowasimamia, wasomewe ahadi zao, wale pamoja, na asiyefika apelekewe salamu za kumwuliza hali.

Mfuko wa nyumba

Sherehe ya ubatizo ya kati na kati mjini hivi leo huundiwa kamati. Kamati hufungua kundi katika simu, majina huorodheshwa, na ndugu aliyeahidi kisha akashindwa hukumbushwa mbele ya wote mpaka akajitoa kimyakimya asirudi. Baba hukopa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mkopo ule hulipwa Januari, ambao ndio mwezi wa ada na sare za shule. Nimewasikia akina mama wakisema kwamba siku ya ubatizo wa mtoto wao hawakumbuki neno moja la kasisi, kwa kuwa akili ilikuwa kwa mpishi aliyekuwa hajapokea fedha zake zote. Nawaonea huruma, maana waliikosa furaha waliyoilipia. Wengine hungoja, na ngoja ngoja huumiza matumbo: mtoto wa kwanza hungojwa ili abatizwe pamoja na wa pili, wa pili akaugua, gharama zikaenda hospitali, na watoto wote wawili wakaanza shule hawajabatizwa.

Kungoja kwenyewe si aibu kukiwa na sababu yake. Lavigerie, aliyewaanzishia shirika Wamisionari wa Afrika, aliagiza wakatekumeni wafundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, na katika miaka hiyo mtu alijifunza, alipimwa, akajulikana kwa jirani zake. Jirani zetu Waislamu nao wana akika yao, ambayo sunna yake ni siku ya saba: mtoto hunyolewa nywele, hupewa jina, mbuzi huchinjwa, na nyama hugawiwa jamaa na maskini. Katika mitaa ya Tanga, Mombasa na Unguja, ambako koo nyingi zina watu wa dini zote mbili, mjomba Mwislamu huja kumpongeza mpwa wake aliyebatizwa, na shangazi Mkristo huenda kwenye akika, na pande zote mbili hula sinia moja ya pilau. Sinia hiyo hupikwa uani na majirani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyeleta kilo mbili za mchele na aliyeleta kuni wote wameandika majina yao katika furaha ile.

Walio na sababu kubwa kuliko wote ya kuogopa fahari hii ni akina mama waliozaa bila ya ndoa. Mwenye mtoto wa namna hiyo huketi benchi la mwisho, hana baba wa kumshikia mshumaa, hana kamati, na mara nyingine hata ofisini huulizwa maswali ambayo hayamhusu kichanga aliyemleta. Kanisa lataka liwe na tumaini la haki kwamba mtoto atalelewa katika imani, na mama aliyempeleka mwanawe mwenyewe, kwa miguu yake, akijua macho ya watu yatakavyomtazama, ametoa dalili kubwa ya tumaini hilo. Januari mwaka 2014 Papa Fransisko aliwabatiza watoto 32 katika Kanisa dogo la Sistina, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa wazazi waliofunga ndoa serikalini tu. Tena katika mahubiri yake aliwaambia akina mama wasione haya kuwanyonyesha pale pale watoto wenye njaa. Ikiwa mlango ule umefunguliwa kwa bashasha kiasi hicho, milango yetu sisi yafunguliwa kwa kiasi gani?

Vijana wasibatizwe peke yao

Nimebakiza jambo la vijana, ambalo linaniuma kwa namna yake. Wapo wengi wanaobatizwa wakiwa katika shule za bweni, baada ya mafundisho ya mwaka mzima au zaidi waliyoyafuata kwa hiari, jioni, wenzao wakicheza mpira. Kijana wa namna hiyo amefanya kwa akili yake timamu uamuzi ambao watu wazima huukwepa. Walakini mara nyingi siku yenyewe hana mtu wa kwao hata mmoja, na cheti chake hukaa chini ya sanduku mpaka kitakapotakiwa kwa ndoa au kwa kuthibitishia tarehe ya kuzaliwa. Nyumbani hawakupewa habari, au walipewa wakaona ni jambo la shule.

Mwalimu wa dini anayewaandaa vijana hao na awaandikie wazazi barua mapema, awataje watoto wao kwa majina na tarehe, na aombe aje mtu mmoja walau: kaka, dada, babu, yeyote. Nauli ya basi ya mtu mmoja ni ndogo kuliko gharama ya keki. Hata mzazi ambaye si Mkristo, au ni Mkristo wa jina, na aalikwe. Wengine huanza safari yao wenyewe hapo, wakimwona mtoto waliyemlea akijibu maswali ya imani kwa sauti isiyotetemeka. Katika Mkesha wa Pasaka, makanisa ya Kikatoliki yanapobatiza watu wazima usiku, nimeona baba akipokea ubatizo akiwa amesimamiwa na mtu ambaye binti yake alimchagulia, na binti huyo ndiye aliyekuwa amebatizwa shuleni miaka ya nyuma. Aliyetangulia kuingia alirudi kumwita baba yake, na baba hakuona kuwa amepungukiwa adhama kwa kuongozwa na mwanawe.

Kwa hiyo kwa baba au mama aliye na mtoto nyumbani asiyebatizwa kwa sababu ya fedha, na kwa kijana anayedhani kuwa siku yake itakuwa duni akikosa sherehe, neno langu ni fupi. Nendeni wiki hii kwa katekista, mwinjilisti au mzee wa kanisa wa mtaa wenu mkaandikishe jina, mchague msimamizi anayeishi karibu na anayesali, na mhudhurie mafundisho mtakayopangiwa. Wanajumuiya waelezwe wazi kwamba chakula kitakuwa kile kitakachopikwa nyumbani, na anayetaka kusaidia aje mapema na kisu chake cha kumenyea vitunguu. Babu na bibi wakae mbele, palipo na nafasi ya kuona birika vizuri, na wapewe mshumaa waushike.